Mafuta ya stelingi yanavuja? Usikimbilie kununua raki

Mwezi huu peke yake nimeona gari mbili hapa Arua zimebadilishwa raki nzima ya stelingi, ile chuma ya chini inayogeuza matairi, wakati shida ilikuwa klipu ya paipu, mwenye gari kashalipa, raki yake ya zamani fundi kaondoka nayo, na asubuhi bado chini kuna tone jekundu. Inaniuma sana, ndo maana nimekaa kuandika hii. Mafuta ya stelingi kuvuja siyo lazima iwe kitu kikubwa, ila lazima ujue yanatokea wapi kabla hujanunua spea yoyote, na hiyo kazi ya kutafuta unaweza kuifanya mwenyewe hata kama hujawahi kushika spana.

Kwanza hakikisha stelingi ya gari yako inatumia mafuta kweli. Vitz na Passo stelingi yake inasukumwa na mota ya umeme, hamna pampu wala kikopo cha mafuta, kwa hiyo ikiwa nzito cheki betri, oltaneta na fyuzi, achana na mambo ya kuvuja. Mi naongelea hizi za zamani za mafuta, Kikumi (Corolla 100), Carina, Corona, Ipsum, Forester za zamani, Hiace, Pajero, na malori madogo kama Canter na Elf. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza Uganda gari yenye miaka 15 na kuendelea lakini hizi zilizoingia zamani bado ziko barabarani, ndizo tunazeeka nazo, na mipira yake nayo imezeeka.

Elewa tu inavyofanya kazi, ni rahisi. Kuna kikopo cha mafuta, kutoka hapo paipu nene laini inashuka kwenye pampu, pampu inazungushwa na beti (mkanda) ya injini, inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia hosi ya presha mpaka kwenye raki, raki ikishasaidia kusukuma matairi mafuta yanarudi kwenye kikopo kwa paipu ya kurudishia. Basi. Upande wa presha, ukikata stelingi mpaka mwisho inaweza kupita psi 1,000, na tairi yako unaijaza kama 30 tu, sasa fikiria mwenyewe. Upande wa kurudi presha ni ndogo sana. Hii tofauti ishike vizuri maana ndiyo inaamua nini unaweza kufunga mwenyewe na nini usiguse.

Dalili unazijua: stelingi inalia ukiwa unapaki au unageuza pale kwenye stendi, inakuwa nzito gari ikiwa taratibu halafu ukikimbia inakuwa sawa, kikopo kinashuka kila wiki, au ukifungua kifuniko unakuta povu. Povu maana yake kuna hewa inaingia, na hewa inaweza kuingia mahali ambapo mafuta hayatoki hata tone, hiyo nitarudi kwake.

Sasa hilo tone la chini. Weka boksi la katoni chini ya mbele ya gari usiku kucha, siyo gazeti kwa sababu gazeti linalowa lote hujui tone limeangukia wapi, na uchore alama matairi yako wapi. Asubuhi futa na karatasi nyeupe. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Maji maji ya kijani au pinki yenye harufu tamu ni kulanti ya redieta. Jekundu jepesi lenye utelezi ni ATF, mafuta ya gia boksi ya otomatiki ambayo stelingi nyingi nazo zinatumia, na hapa ndipo watu wanapotea, kwa sababu gari ya otomatiki nayo gia boksi yake inatumia ATF ya rangi hiyo hiyo, na kuna paipu za gia boksi zinakuja mpaka chini ya redieta. Kwa hiyo usiamini rangi tu. Angalia kikopo cha stelingi kinashuka au hakishuki, na upime stiki ya gia boksi. Kile kinachopungua ndicho kinachovuja. Mafuta yakizeeka yanakuwa kahawia pia, kama hayajabadilishwa tangu gari itoke Japani usishangae.

Halafu osha. Hii hatua watu wanairuka na ndiyo muhimu kuliko zote. Mafuta yakitoka juu kwenye pampu yanateremka yanafuata bomba, yanapita juu ya raki, yanadondoka kwenye ncha ya chini kabisa, na fundi akiingia chini anaona raki imelowa anasema raki imekufa. Raki haijafa, imemwagikiwa tu! Peleka kwenye washingi bei waoshe injini na sabuni, ila wewe mwenyewe funga oltaneta, distributa na fyuzi boksi na kavera (mfuko wa plastiki) kabla hawajapuliza maji, na injini iwe imepoa. Iache ikauke kabisa. Kisha chukua poda ya mtoto ile ya kawaida, pulizia kidogo kwenye paipu zote za stelingi, kwenye maungio ya pampu na kwenye raki. Washa gari, mtu mwingine akae ndani akate stelingi pole pole kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mara kumi hivi, asishikilie pale mwisho zaidi ya sekunde 5 maana pampu inapata joto sana. Wewe na tochi unaangalia. Penye mafuta poda inalowa na kubadilika rangi, na ukifuata ule mstari kwenda JUU unafika chanzo. Kama hukuona kitu endesha mpaka sokoni na kurudi, angalia tena.

Naomba hapa mnisikilize. Usipitishe kidole kwenye hosi ya presha injini ikiwa inawaka. Tundu dogo kama la sindano linaweza kurusha mafuta yakapenya ngozi, kidonda kinaonekana kidogo kama umechomwa na mwiba lakini ndani mafuta yanaharibu nyama na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono, ikitokea ni hospitali siku ile ile, hata kama haiumi. Tumia kipande cha katoni kupitisha karibu na hosi, mafuta yatachora kwenye katoni. Mikono mirefu ya shati kunja, beti inazunguka na feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe. Na kama unaona mafuta yanadondokea ekzosti na moshi unatoka, zima, usiendelee na safari, hayo mafuta yanashika moto.

Haya, vyanzo vyenyewe, naanza na vya bei ndogo.

Paipu ya kurudishia na ile nene ya kuvuta ndizo za kwanza kuchoka, kwa sababu mpira unakaa karibu na joto la injini miaka ishirini na kitu, unakuwa mgumu kama plastiki na klipu za kispringi nazo zinalegea. Mara nyingi ni mwisho wa paipu tu. Ukibahatika paipu ni ndefu ya kutosha unakata sentimita moja au mbili za ile ncha iliyopasuka, unairudisha, unafunga klipu mpya ya skrubu, umemaliza. Ikiwa mpira wote una nyufa nunua mpya, lakini muulize muuzaji mara mbili kama ni ya mafuta. Paipu ya maji ya redieta inafanana kabisa, ukiweka hiyo ATF inaila, inavimba na kulainika, na ile ya upande wa kuvuta inajikunja kwa ndani, pampu inakosa mafuta. Klipu usikaze kwa hasira, ikikata mpira umeongeza shida.

Hosi ya presha ni habari nyingine. Pale chuma kinapobana mpira ndipo inapovuja, na hakuna kufunga na mpira wa baiskeli, hakuna klipu, hakuna gundi. Hiyo ibadilishwe, au ipelekwe kwa wale wanaotengeneza hosi za matrakta na greda, wanakata mpira wanaweka mpya wa presha kubwa na kubana na mashine kwenye vyuma vyako vya zamani. Kampala ukishuka Kisekka, kwenye soko la spea, utapata pia za kutoka gari zilizochinjwa, lakini hosi iliyotumika ni ya umri sawa na yako, mi ningeweka pesa kwenye mpya. Ukiifungua tumia spana ya paipu ile inayoshika nati karibu pande zote, nati hizi ni laini na ukiteleza na spana ya kawaida unazifanya mviringo. Na pale inapoingia kwenye pampu kuna boliti yenye tundu katikati na washa mbili za shaba, washa hizo kila ukifungua weka mpya, ni pesa kidogo sana na mafundi wengi wanarudisha za zamani ndo maana baada ya wiki inavuja tena.

Sasa hii inayofuata ndiyo iliyonitesa mimi mwenyewe, na mtu wa Toyota za miaka ya tisini aisome vizuri. Nina Kikumi ya 1994. Ilikuwa inapoteza mafuta ya stelingi, kikopo kinaisha kwa siku nne, na chini hamna kitu! Katoni safi. Raki kavu, pampu kavu, paipu kavu. Wakati huo huo ekzosti ikaanza kutoa moshi mweupe asubuhi na injini ikiwa kwenye sailensa (inawaka tu bila kukanyaga) inatetemeka. Fundi mmoja akasema ni ringi za pistoni, injini ifunguliwe, mwingine akasema raki inavuja kwa ndani. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta pesa ya injini. Mzee mmoja ambaye ameendesha teksi barabara ya Arua na Koboko miaka mingi akaja akafungua boneti, akachomoa kapaipu kadogo ka hewa kwenye pampu ya stelingi, akanionyesha: ndani kamejaa mafuta mekundu.

Iko hivi. Kwenye Toyota nyingi za zamani pampu ya stelingi ina kavalvu kadogo ka hewa kamefungwa juu yake, kana paipu mbili nyembamba zinakwenda upande wa injini unaoingiza hewa. Kazi yake ni kwamba ukikata stelingi gari imesimama pampu inaelemea injini, kwa hiyo kavalvu kanafungua hewa kidogo ili injini isizimike. Sili ya ndani (raba inayozuia mafuta yasipite) ikichoka, injini inavuta mafuta ya stelingi kupitia ile paipu nyembamba na kuyachoma. Ndo maana chini pakavu, ndo maana moshi. Kujaribu ni dakika mbili: zima gari, chomoa hizo paipu mbili pale kwenye kavalvu, zikiwa na mafuta ndani umepata mwizi. Dawa ni kubadilisha kavalvu chenyewe, kanafunguka kama nati tu. Ukiwa hujakapata ziba zile paipu mbili upande wa injini na boliti inayoingia vizuri na klipu, zibe zote, halafu kavalvu nako kazibwe ili mafuta yasitokee huko, utaendesha sawa isipokuwa sailensa itashuka kidogo ukikata stelingi gari imesimama. Mimi niliendesha hivyo miezi miwili na moshi uliisha baada ya mafuta yaliyobaki kuungua. Injini haikufunguliwa.

Wenye Forester, nyie ugonjwa wenu ni ile o-ringi ndogo (raba ya duara) pale paipu ya kuvuta inapoingia kwenye pampu. Inakuwa ngumu, inavuta hewa, mafuta yanakuwa povu, stelingi inalia, na unaweza usione tone. Badilisha o-ringi kabla hujashtaki pampu.

Pampu yenyewe ikivuja ni kawaida sili ya shafti nyuma ya puli, utaona mafuta yamerushwa duara kwenye boneti na mabomba ya karibu, na beti imelowa inapiga kelele. Seti ya sili ipo, lakini angalia shafti, kama ina mkwaruzo unaoshika ukucha sili mpya haitakaa. Usiache hii muda mrefu kama oltaneta iko chini ya pampu, mafuta yanaingia ndani na utalipia vitu viwili.

Na raki. Raki kweli inakufa, sikatai, hasa kwa barabara zetu. Zile buti za mpira pembeni zikipasuka vumbi la maramu linaingia, linachanganyika na matope, kila ukikata kona linasugua shafti kama msasa. Kupima ni rahisi: lala chini gari ikiwa imezimwa na iko kwenye stendi za chuma za kushikilia gari siyo jeki peke yake, minya buti ya kila upande. Ikiwa imejaa mafuta kama mfuko, sili ya ndani imekufa, hapo fundi anasema ukweli. Buti kavu ndani na raki imelowa nje, rudi juu kutafuta. Hii ni dakika tano tu na ingewaokoa wale wawili niliowataja mwanzo. Gari kubwa kama Land Cruiser za zamani na malori hazina raki, zina boksi ya stelingi, hiyo inavuja chini kwenye shafti inayoshika mkono, na ile sili ya chini mara nyingi inabadilika bila kubadilisha boksi nzima.

Raki unaweza kubadilisha sili kama chuma bado kinang'aa. Ikiwa kina kutu au vishimo usipoteze pesa kwa sili, tafuta raki nyingine, minya buti zake kabla ya kulipa na ukatae iliyooshwa ikang'aa nje bila wewe kuona ndani. Wakiifungua waweke alama pale kwenye jointi ya stelingi na usukani ufungwe usizunguke, kwa sababu gari yenye eabegi ina waya uliojikunja ndani ya usukani, ukizungushwa hovyo unakatika. Baada ya hapo wili alaimenti, bila hiyo matairi yanakwisha upande mmoja.

Mafuta gani? Soma kifuniko cha kikopo. Toyota za zamani nyingi zimeandikwa ATF Dexron II au III. Honda inataka ya kwake mwenyewe, ATF inaharibu sili zake. Volkswagen na Audi nyingi ni ile ya kijani, usichanganye na nyekundu. Kuna ile dawa ya kuzuia kuvuja inayouzwa kwenye vichupa, inalainisha na kuvimbisha mipira, inaweza kukusogeza kwa sili iliyokauka lakini kwa paipu iliyopasuka haifanyi kitu. Kitu ambacho nawasihi msikubali kabisa ni fundi kukuwekea oili ya breki kwenye stelingi. Wanafanya hivyo kwa sababu mipira inavimba na kuvuja kunasimama siku chache, gari inauzwa au wewe unaondoka, halafu sili zote zinalainika kama ugali na mfumo mzima unaharibika. Na kinyume chake ni hatari zaidi, tone la ATF kwenye kikopo cha breki linavimbisha mipira ya breki na breki zinakataa. Vikopo viko karibu, usimwachie kijana wa petroli stesheni ajaze huku wewe uko kwenye simu.

Ukishatengeneza, kutoa hewa. Inua mbele matairi yasiguse chini, weka stendi. Injini ikiwa imezimwa jaza kikopo, kata usukani mwisho hadi mwisho pole pole mara 15 au 20, mtu mwingine anaongeza mafuta kila yakishuka. Povu likipungua washa, iache kwenye sailensa, rudia pole pole. Zima, iache dakika kumi, angalia. Mafuta yakiwa kama maziwa ya strobari bado kuna hewa, subiri na urudie. Usijaze kupita mstari, yakipata joto yanapanda. Yale machafu usimwage kwenye mtaro, Kampala mitaro mingi inaishia Nakivubo na Nakivubo inaishia ziwani, weka kwenye jerikeni upelekee gereji.

Ikikupata njiani, tuseme umetoka Karuma unaelekea Pakwach na kuna jua, zima kwanza upoe. Ikiwa ni paipu ya kurudi, kata ncha, funga, jaza, endelea taratibu. Ikiwa ni ya presha usiendelee kuijaza, yote yatamwagika barabarani kwa dakika. Gari bado inageuka bila mafuta, inakuwa nzito tu, lakini pampu ikizunguka kavu inajila yenyewe na vyuma vyake vinaingia kwenye raki. Kama pampu ina beti yake peke yake, legeza uitoe, endesha pole pole ukijua kwamba kona itahitaji mikono miwili na nguvu. Kama beti ni moja inayozungusha pia pampu ya maji au oltaneta, usiitoe, ita bredidauni.

Baada ya kutengeneza weka kipande cha plasta kwenye kikopo pale mafuta yalipo, gari ikiwa imepoa, na uandike tarehe. Angalia kesho asubuhi, angalia baada ya wiki, asubuhi kila mara kabla ya kuwasha. Yakiwa bado kwenye plasta baada ya mwezi na katoni ni safi, imepona. Yakishuka hata milimita tano, poda ya mtoto tena, tochi tena, na buti za raki uziminye tena kabla mtu hajakuambia neno raki.